Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ulinzi na elimu: mchukueni mhandisi wa meli angali Kidato cha Sita

Kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi na Mkuu wa Kamandi ya Jeshi la Wanamaji,
Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Huu ni mwaka wangu wa 22 nikifundisha Kidato cha Tano na cha Sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), na kwa kuwa naishi Kigamboni na shule iko upande wa mjini, navuka Magogoni kwa pantoni karibu kila siku ya kazi. Barua hii imetokana na swali nililoulizwa ndani ya pantoni mwaka 2017. Nilishindwa kulijibu siku ile na hadi leo sijapata jibu lake.

Asubuhi hiyo pantoni lilisita kwenye mlango wa bandari kupisha chombo. Ikapita meli ya doria ya Jeshi la Wanamaji, ya kijivu, ikielekea nje. Abiria wengi hawakuinua macho kwenye simu zao. Pembeni yangu alikuwa mwanafunzi wangu wa Kidato cha Sita, binti wa mvuvi wa Mjimwema, ambaye tangu shule ya msingi alikuwa akimshikia baba yake spana kila mashine ya boti ilipogoma. Aliitazama ile meli kuanzia omo hadi tezi, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hiyo injini ikizima huko nje, nani anaitengeneza?" Nikamwambia ndani yumo mhandisi, ni afisa wa jeshi, na ana mafundi chini yake. Akanyamaza kidogo. "Sasa mtu akitaka kuwa huyo mhandisi, anapitia wapi?"

Nikamwambia asome kwanza, afaulu, mengine yatafuata. Hivyo ndivyo mwalimu anavyosema akiishiwa jibu.

Alifaulu kwa Daraja la Kwanza. Akaenda JKT kwa mujibu wa sheria, akarudi amekonda na shauku imezidi. Akapata nafasi ya kusoma uhandisi mitambo. Kabla ya kufungua chuo alikwenda kuuliza kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, maana aliyemjibu alimjibu kwa adabu na kwa ukweli wote aliokuwa nao: kasome, ukihitimu usubiri tangazo la nafasi. Alisoma miaka minne kwa taabu, pesa ya kula ikimwishia katikati ya muhula. Ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo alitamani kwenda kwenye meli, hakujua amwombe nani, akaenda kiwanda cha vinywaji. Kiwanda kikamwona anavyofanya kazi, kikamwajiri hata kabla ya mahafali. Leo anasimamia mitambo ya kujaza chupa, na baba yake ameezekewa nyumba. Simsikitikii yeye. Naisikitikia ile meli iliyompita.

Ombi langu ni hili. Anzisheni ufadhili wa masomo ya uhandisi unaomchukua kijana mara tu matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, ukamsomesha chuo kikuu akiwa tayari ni afisa mwanafunzi wa Jeshi la Wanamaji, naye akajua tangu siku ya kwanza kwamba mwisho wa njia yake ni kamisheni na chumba cha injini.

Najua yapo yanayofanyika. Jeshi huandikisha wahitimu wa vyuo waliopitia JKT. Maafisa wetu hupelekwa kusoma nchi rafiki. Chuo cha Bahari, DMI, kinatoa wahandisi wa meli hapa hapa jijini. Hayo yaendelee. Lakini anayesubiri wahitimu anachagua kati ya waliobaki baada ya migodi, viwanda, kampuni za simu na kampuni za meli za nje kwisha kuchagua. Na aliyesoma miaka minne bila kugusa chombo cha jeshi huanza moja siku anayoajiriwa. Binti niliyemtaja hakukataa jeshi. Jeshi halikuwepo pale alipokuwa anaamua.

Naomba mlitazame suala la muda, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 2015 tulipokea meli mbili za doria kutoka China, Mwitongo na Msoga. Serikali ikiwa na fedha na mkataba, meli huagizwa na baada ya miaka michache iko gatini. Mhandisi wake haagizwi. Miaka minne ya shahada, kisha mafunzo ya uafisa Monduli, kisha miaka ya kukaa baharini chini ya mhandisi aliyemtangulia mpaka aaminike kuachiwa zamu peke yake: hapo umekwisha kutumia miaka saba, na hajawa mhandisi mkuu wa chombo chochote. Kwa hiyo meli itakayohitaji mhandisi mzoefu miaka kumi ijayo, mhandisi wake yuko darasani kwangu sasa hivi, au kwa mwenzangu wa Ilboru, Kibaha au Tabora, na hakuna aliyekuja kumuulizia.

Pengine wapo wasomaji wanaodhani kazi hii ni ya kushika spana tu. Meli ya kivita ni mtaa mzima unaoelea. Ina injini za kuisukuma na jenereta za kuipa umeme. Ina pampu, mabomba ya mafuta, mitambo ya kutengeneza maji ya kunywa kutokana na maji ya chumvi, rada, mawasiliano na silaha, na vyote vinategemea umeme huo huo na ubaridi huo huo. Injini hupozwa kwa maji ya bahari, na kila lita ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi inakula chuma usiku na mchana. Ndiyo maana chini ya ganda la meli hufungwa vipande vya zinki, viliwe vyenyewe chuma kisalimike, na lazima awepo mtu anayejua vimeliwa kiasi gani na lini vibadilishwe. Bahari yetu ni ya joto, kwa hiyo viumbe huganda haraka kwenye ganda, chombo kikawa kizito na kikala mafuta zaidi. Mafundi wetu wa majahazi waliyajua haya zamani. Walipandisha chombo bandarini maji yakitoka, wakakikalafati kwa kuziba nyufa zake, wakapaka sifa, yaani mafuta ya papa, juu na shahamu chini. Elimu ya kukitunza chombo si ngeni pwani hii. Tulichokosa ni kuipeleka chuo kikuu na kuivalisha gwanda.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya mhandisi wa meli ya abiria na wa meli ya kivita. Meli ya kawaida ikitoboka vibaya, nahodha huamuru watu waiache. Ya kivita ikitoboka, watu wake hubaki ndani kuziba, kuzima moto, kukata umeme upande mmoja na kuurudisha upande mwingine, kuhamisha uzito ili chombo kisilale. Anayeongoza hayo ni afisa mhandisi. Hesabu za uthabiti wa chombo anatakiwa awe nazo kichwani, maana hakuna muda wa kufungua kitabu.

Hapa nitasema jambo ambalo nimekuwa nikilichora ubaoni kila mwaka. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakapotea. Baada ya kupinduka haikuzama mara moja. Iliendelea kuelea kifudifudi kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya ganda, na ndani ya hewa hiyo walikuwemo watu. Ganda likatobolewa ili watolewe. Hewa ikatoka kwa juu, maji yakapanda kwa chini, meli ikazama yote. Waliotoboa walitaka kuokoa, na sitaki mtu yeyote asome sentensi hii kama lawama kwao. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyoamua saa ile ni ya fizikia ya sekondari. Mtu mmoja anayeijua meli kwa ndani, mwenye cheo cha kusikilizwa, akisimama pale na kusema subirini, hewa hiyo ndiyo inayowashika, tutafute namna nyingine: huyo ndiye ninayemuomba.

Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220, siku mbili baadaye waokoaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Alikuwa mhandisi wa kivuko hicho, aliyejibana mahali palipobaki na hewa. Sijawahi kuwasomea wanafunzi habari hiyo bila darasa kunyamaza.

Mfano wa tatu una furaha zaidi. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa hapa Dar es Salaam na kupandishwa treni ya reli ya kati hadi Kigoma, ikaunganishwa upya huko. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona wataipoteza vitani, waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuiteremsha majini. Meli ikalala chini ya Ziwa Tanganyika kwa miaka, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena ikiwa na jina hili jipya la Liemba. Vizazi vya watu wa Kigoma na Kasanga vimesafiri ndani yake. Vita iliisha, bendera zikabadilika, ila kazi ya wale mafundi ilibaki ikibeba watu. Nikitafuta namna ya kumweleza kijana thamani ya mhandisi, naanzia kwenye ile grisi.

Wenzetu wanafanyaje? India wana njia ninayoitamani kuliko zote. Kijana aliyemaliza sekondari kwa fizikia, kemia na hesabu, yaani PCM yetu hii hii, huchaguliwa kwenda chuo cha wanamaji cha Ezhimala, jimbo la Kerala. Anasoma shahada ya uhandisi miaka minne kwa gharama ya serikali, huku akifundwa uafisa hapo hapo. Akitoka, ana shahada mkononi na nyota begani. Tena wameweka mlango wa pili kwa wanafunzi wa uhandisi walio katika miaka ya mwisho ya vyuo vya kiraia. Marekani, tangu mwaka 1926, wana mpango wa kuwaandaa maafisa wa wanamaji ndani ya vyuo vikuu vya kawaida: jeshi linalipa ada, linampa mwanafunzi fedha ya vitabu na posho ya mwezi, na mwenye ufadhili wa miaka minne akihitimu analitumikia kwa miaka isiyopungua mitano. Kanada wanahesabu kwa namna rahisi hata kwa mwananchi wa kawaida: kila mwezi wa masomo uliolipiwa unadaiwa miezi miwili ya utumishi. Uingereza nao wamefadhili wanafunzi wa uhandisi vyuoni kwa miaka mingi, kisha maafisa wake huanzia chuo cha wanamaji cha Dartmouth, na wahandisi wa mitambo ya meli humalizia HMS Sultan, Gosport. Ni kituo cha nchi kavu kilichopewa jina la meli, na kinafundisha injini.

Sisi hatuhitaji kujenga chuo kipya, na naomba tusianze kwa kujenga majengo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina historia inayoanzia mwaka 1957. DMI ina walimu waliokwisha kukaa baharini. Kamandi ya wanamaji yenyewe iko Kigamboni. Vyote viko jiji moja, na daladala mbili na pantoni vinakuzungusha kote kwa siku moja. Kinachokosekana ni karatasi ya makubaliano kati ya wizara mbili na mtu mmoja mwenye ofisi, simu na mamlaka ya kuusimamia mpango huo.

Naona vijana 12 kwa mwaka wangetosha kuanzia. Baada ya miaka minne wangekuwa 48 vyuoni kwa wakati mmoja, idadi ambayo msimamizi mmoja anaweza kuwajua kwa majina. Nusu wangesoma uhandisi mitambo, nusu umeme na elektroniki, maana meli za sasa zinaugua zaidi kwenye nyaya kuliko kwenye pistoni. Wakati wenzao wanatafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kwa kubisha hodi ofisi kwa ofisi, hawa wangepangiwa: mwaka wa kwanza karakana ya Kigamboni, mwaka wa pili chelezo cha Mwanza, meli zinakopandishwa kutengenezwa, mwaka wa tatu baharini kabisa. Walale kwenye chombo, watapike, wazoee. Kijana atakayegundua mwaka wa kwanza kwamba bahari haimtaki aruhusiwe kuondoka bila deni na bila aibu. Ni nafuu kuliko kumgundua akiwa luteni.

Jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa. Meli zetu kadhaa zimetoka China, na China imekuwa mshirika wa kamandi hii tangu kuanzishwa kwake miaka ya 1970. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Hawa vijana wafundishwe Kichina cha ufundi kwa miaka yote minne. Mhandisi anayeweza kuzungumza na kiwanda kilichotengeneza mtambo wake kwa lugha ya kiwanda chenyewe hahitaji kumsubiri mkalimani meli ikiwa imelala. Mwaka 2024, wanajeshi wa China, Tanzania na Msumbiji walipofanya mazoezi ya pamoja hapa kwetu, niliwaza tu: je, wangapi kati ya wahandisi wetu vijana waliweza kuuliza swali na kulielewa jibu?

Kuhusu fedha, serikali tayari inawalipia wengi wa vijana hawa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ipo tangu mwaka 2005, na mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tangu mwaka 2022 kuna Samia Scholarship kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi. Kwa hiyo ninachoomba si mfuko mpya mkubwa. Baadhi ya hawa hawa walipiwe kwa masharti tofauti: badala ya kurudisha shilingi, warudishe miaka. Tukifuata hesabu ya Kanada, miaka minne ya masomo ni minane ya utumishi. Mzazi wa Mjimwema ataielewa hesabu hiyo bila kuandikiwa kijitabu. Ila mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mzazi, na useme wazi jeshi nalo linadaiwa nini: ada kwa wakati, posho kwa wakati, na nafasi ya kazi anapohitimu. Nimeona vijana wengi wakivunjwa moyo na fedha iliyochelewa kuliko na hesabu ngumu.

Sitarefusha kuhusu sababu za nchi kuhitaji wanamaji wenye elimu, mnazijua kunishinda. Pwani yetu ina kilomita zipatazo 1,424. Gesi iliyogunduliwa, futi za ujazo trilioni 57 na zaidi, sehemu kubwa iko chini ya kina kirefu cha bahari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, na hapo zitakuja meli kubwa za mafuta. Haya yote yanalindwa na vyombo, na chombo kibovu hakilindi hata gati lake.

Niseme neno kuhusu mabinti. Katika miaka 22 nimewafundisha wengi wenye akili ya mitambo, na wengi wao waliishia kozi nyingine kwa sababu hakuna mtu mwenye gwanda aliyewahi kusimama mbele yao akasema tunawataka. Kila mwaka tunatembelewa na watu wa benki, watu wa vyuo binafsi, mawakala wa vyuo vya nje. Mleteni afisa mhandisi mmoja, akiwa mwanamke itapendeza zaidi, aje na pistoni iliyochakaa mkononi, akae saa moja darasani. Chai nitagharamia mimi.

Mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei, matokeo hutoka Julai, na kati ya hapo vijana wako JKT, mikononi mwa jeshi lenyewe. Muda wa kuwapima, kuwasaili na kuwachagua mnao tayari kila mwaka, bila kuongeza siku hata moja.

Juzi pantoni lilisita tena pale mlangoni. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tano, kijana wa Tungi, naye akaitazama meli ikipita. Akaniuliza lile lile swali, karibu kwa maneno yale yale. Safari hii sikumwambia asome kwanza. Nimemwambia nimewaandikia, na kwamba jibu likija nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, upande wa kushoto, karibu na ratiba ya mitihani, ambako kila mtu lazima apite.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Kigamboni, Dar es Salaam